Umeme ukirudi, kompyuta ya duka ijiwashe yenyewe

UMEME umekatika saa 9:00 usiku na kurudi saa 12:00 asubuhi. Mwenye duka la pembejeo anafungua mlango saa 1:30 na kukuta wakulima wameshapanga foleni ya mbegu na mbolea, kwa kuwa mvua za kwanza zimenyesha. Kompyuta ya kaunta inawaka, lakini programu ya stoo haifunguki.

Kompyuta kuu iliyoko chumba cha nyuma inanguruma kama kawaida. Tatizo ni kwamba kompyuta pepe iliyomo ndani yake, ambayo ndiyo inayotunza bei, madeni na salio la stoo, haikuwashwa na mtu. Kijana anayejua kuiwasha yuko safarini na simu yake haipatikani.

Siku hiyo mauzo yanaandikwa kwenye daftari. Baadhi hayaingizwi kwenye kompyuta hata siku za mbele, na mwisho wa mwezi idadi ya mifuko ya mbolea inapingana na vitabu. Lawama zinamwangukia karani wa stoo.

Hasara ya namna hiyo inaweza kuepukwa kwa gharama ndogo. Kinachotakiwa ni maagizo machache yanayoandikwa mara moja, ambayo kompyuta huyatekeleza kila inapowaka na kila inapozima. Mafundi huyaita skripti.

Kompyuta ndani ya kompyuta

Kompyuta pepe ni programu inayofanya kazi kama kompyuta kamili. Ile ya chuma inayoonekana kwa macho huitwa mwenyeji, na ile ya ndani huitwa mgeni. Mgeni hugawiwa sehemu ya kumbukumbu na diski ya mwenyeji, kisha huendesha mfumo wake mwenyewe bila kuingilia wa mwenyeji.

Utaratibu huu si mpya. Kampuni ya IBM ya Marekani ilianza kugawa kompyuta zake kubwa kwa njia hiyo katika miaka ya 1960. Kwa kompyuta za mezani, VMware ilitoa programu yake mwaka 1999. VirtualBox, iliyotengenezwa na kampuni ya Innotek ya Ujerumani, ilitolewa mwaka 2007 na sasa ni mali ya Oracle.

Sababu moja kubwa ya mfanyabiashara mdogo kuhitaji mgeni ni programu ya zamani. Programu ya stoo iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows XP inaweza kugoma kwenye kompyuta mpya. Badala ya kutunza kompyuta kuukuu kwa ajili yake tu, XP huwekwa kama mgeni ndani ya ile mpya, ilimradi leseni yake ipo.

Hata hivyo, Microsoft iliacha kuitengenezea XP marekebisho ya usalama mwezi Aprili 2014. Mgeni wa aina hiyo asiruhusiwe kutoka kwenye intaneti. Azungumze na kompyuta za kaunta pekee, kwa mtandao wa ndani ya duka.

Mgeni anayehudumia kaunta hahitaji skrini, kibodi wala dirisha lililofunguliwa. Anaweza kufanya kazi kimya kimya, na karani asimfunge kwa bahati mbaya akidhani ni dirisha lililosahauliwa. Lakini asipoonekana, ni rahisi pia kusahau kumwasha.

Hatua za kuwasha

Hatua ya kwanza haihusu skripti. Kompyuta nyingi za mezani zina mpangilio, unaopatikana kabla mfumo haujapanda, unaoamua kompyuta ifanye nini umeme ukirudi. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kubaki zimezimwa. Fundi aubadilishe ili kompyuta iwake yenyewe.

Hatua ya pili ni skripti yenyewe. Kwa VirtualBox, kama mgeni amepewa jina "duka", agizo la kumwasha bila skrini ni hili:

VBoxManage startvm duka --type headless

Kwenye Linux za siku hizi, agizo hilo hukabidhiwa systemd, ambayo ndiyo inayosimamia huduma zote kompyuta inapoamka.

Yapo makosa mawili yanayowasumbua mafundi wengi. La kwanza ni jina la mtumiaji. Mgeni aliyesajiliwa chini ya jina la mhasibu haonekani skripti ikiendeshwa kwa jina la msimamizi mkuu. Fundi atapata jibu kwamba mgeni huyo hayupo, wakati yupo. Skripti iendeshwe kwa jina lile lile lililomsajili mgeni.

Kosa la pili ni haraka. Skripti ikianza kabla mtandao na diski havijawa tayari, mgeni hushindwa kuamka. Kwa maeneo ambayo umeme hurudi, hukatika, kisha hurudi tena, ni busara kuiagiza skripti isubiri dakika tano kabla ya kumwasha mgeni.

Kuzima kuna hatari zaidi

Wengi huridhika mgeni anapojiwasha na kusahau upande wa pili. Mgeni asiyewaka humpotezea mwenye duka saa chache. Mgeni aliyezimwa ghafla, wakati programu inaandika mauzo kwenye diski, anaweza kuharibu faili na kupoteza kumbukumbu za msimu mzima.

Kwa sababu hiyo skripti iwe na sehemu ya kuzima. Sehemu hiyo inaweza kumwamuru mgeni afunge kazi zake kwa utaratibu, au ihifadhi hali yake kwenye diski ili baadaye aendelee pale pale alipoishia. Agizo la kuhifadhi hali ni hili:

VBoxManage controlvm duka savestate

Aidha, mwenyeji aagizwe kusubiri hadi mgeni amalize. Asiposubiri, huzima mgeni akiwa katikati ya kazi, na faida ya agizo hilo hupotea.

Hapo ndipo UPS inapohitajika, iwe umeme umekatika kwa mgawo, kwa nguzo kuanguka au kwa uniti za LUKU kuisha. UPS ndogo hutoa dakika chache tu, lakini zinatosha kuzima salama kama kompyuta imepata taarifa. Taarifa hiyo hupita kwenye waya wa USB unaotoka kwenye UPS, ambao katika ofisi nyingi hubaki kwenye boksi tangu siku ya kununuliwa.

Fundi pia aiagize UPS kukata umeme wake baada ya kompyuta kuzima. Bila hivyo, umeme ukirudi mapema kompyuta haitajua kwamba umeme ulikatika, na itabaki imezimwa.

Nakala na majaribio

Kwenye diski, mgeni ni mafaili tu. Akiwa amezimwa, anaweza kunakiliwa kwenye diski ya nje na kuhamishiwa kompyuta nyingine ya kwanza ikiungua au kuibwa. Diski hiyo isikae juu ya kompyuta ile ile, kwa kuwa mwizi huchukua vyote viwili.

Mwenye duka asimlipe fundi malipo ya mwisho kabla ya kuona jaribio. Baada ya kufunga mauzo na kutoa nakala, ichomolewe plagi ya UPS ukutani, kisha watu wasubiri bila kugusa kitu. Mgeni azime, mwenyeji azime, na UPS ikate. Plagi ikirudishwa, vyote viwake vyenyewe hadi karani wa kaunta aweze kufungua programu na kuona salio la stoo.

Jaribio hilo lifanyike kabla ya msimu, siku ambayo duka lina wateja wachache. Maagizo yote yaandikwe pia kwenye karatasi na kubandikwa karibu na kompyuta, ili kijana wa kompyuta akisafiri, karani aliyebaki ajue la kufanya.