Maigizo kwa Mikono: Warsha za Vijana Viziwi London

Warsha ya maigizo ya jamii kwa vijana viziwi ni mkutano wa kila wiki, au wa siku chache za likizo, ambapo vijana hutunga na kuigiza kwa lugha ya alama. Warsha iliyo bora huongozwa na msanii ambaye naye ni kiziwi. Kazi yake ya kwanza si kutoa waigizaji. Zaidi ya watoto tisa katika kila kumi wanaozaliwa viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na nchini Uingereza wengi husoma shule za kawaida, mara nyingi kila mmoja akiwa kiziwi pekee darasani. Mtoto wa namna hiyo anaweza kufikia ujana bila kukaa hata siku moja katika chumba ambamo kila mtu anazungumza kwa mikono. Warsha humpa chumba hicho, na humkutanisha na mtu mzima kiziwi anayeheshimika kwa kazi yake.

Thamesmead, kusini-mashariki mwa London, inaonyesha wazi kwa nini huduma hii inapaswa kuwa karibu na nyumbani. Ilijengwa na baraza kuu la jiji la wakati huo juu ya ardhi ya kinamasi kandokando ya Mto Thames, na wakazi wa kwanza walihamia mwaka 1968. Kwa kukumbuka mafuriko ya 1953, wasanifu waliinua makazi juu ya usawa wa ardhi na kuyaunganisha majengo ya zege kwa njia za juu za waendao kwa miguu. Leo familia nyingi za hapo zina asili ya Afrika, hasa Afrika Magharibi. Sehemu moja ya mji huu iko chini ya halmashauri ya Greenwich na nyingine chini ya Bexley. Kwa kuwa huduma za walimu wa watoto viziwi husimamiwa na halmashauri, watoto wawili wanaotenganishwa na barabara moja wanaweza kuwa chini ya huduma mbili tofauti wasijuane kabisa. Mpaka huo hauonekani mtaani, lakini humgharimu mtoto marafiki.

Lugha inayotumika katika warsha hizi ni Lugha ya Alama ya Uingereza. Si Kiingereza kilichohamishiwa mikononi: ina sarufi yake, na nyusi ni sehemu ya sarufi hiyo. Nyusi zikiinuliwa, swali linataka jibu la ndiyo au hapana; zikikunjwa, swali ni la nani, nini au wapi. Serikali iliitambua lugha hii Machi 2003, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2022. Kenya iliitangulia Uingereza kisheria: katiba ya 2010 iliifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Hata hivyo lugha hizi mbili hazifanani. Herufi za Kenya huonyeshwa kwa mkono mmoja, za Uingereza kwa mikono miwili, kwa hiyo kijana kiziwi anayehamia London kutoka Nairobi huanza kujifunza upya. Hapo ndipo maigizo humfaa, maana anaweza kuigiza na wenzake tangu siku ya kwanza, kabla hajazijua alama zao.

Ndani ya warsha, mpangilio wote hufuata macho. Washiriki hukaa kwa umbo la nusu duara ili kila mmoja awaone wote. Kiongozi akitaka wamtazame, huwasha na kuzima taa, hupunga mkono au hukanyaga kwa kishindo sakafu ya mbao. Hakuna anayeanza kueleza jambo kabla macho hayajamfikia. Mavazi ya rangi moja hupendelewa ili mikono ionekane vizuri. Pongezi hutolewa kwa kuinua mikono na kuitikisa hewani.

Mazoezi huanza na mwili peke yake: kubeba mzigo usiokuwepo, kuwa mti, kuwa basi lililojaa abiria. Kisha hufuata ufundi ambao viziwi wameukuza wenyewe, wa kusimulia kana kwamba mwili ni kamera. Msimuliaji mmoja huwa ndege angani, mara huwa mwindaji anayemlenga, mara huwa risasi yenyewe. Hutoka mbali akakaribia, akapunguza mwendo, akaurudisha. Kijana ambaye shuleni huambiwa kila mara kwamba lugha yake ina upungufu hugundua hapa uwezo ambao wanaosikia hawana.

Ugumu hujitokeza jukwaani. Mwigizaji anayesikia anaweza kumpa mwenzake mgongo na bado akajua zamu yake imefika. Mwigizaji kiziwi anahitaji ishara ya kuonekana au kuguswa, kwa hiyo mienendo yote hupangwa upya. Giza nalo, linalopendwa sana na kumbi za maonyesho, huzima mazungumzo.

London ina mfano mkubwa wa kufuatwa. Kundi la Deafinitely Theatre, lililoanzishwa 2002 na kuongozwa na viziwi, lina pia maigizo ya vijana. Mwaka 2012 liliigiza Love's Labour's Lost ya Shakespeare kwa lugha ya alama katika ukumbi wa Globe, kwenye tamasha la tamthilia 37 kwa lugha 37. Katika tamasha hilohilo wasanii kutoka Kenya waliigiza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili. Lugha ya alama ilihesabiwa miongoni mwa lugha za dunia, bila kuwekwa pembeni kama msaada kwa walemavu, na hiyo ndiyo nafasi inayoistahili.

Upande wa jamii, Afrika Mashariki ina la kufundisha. Mradi wa Tuseme, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 na Penina Mlama na Amandina Lihamba, uliwafanya wasichana wa sekondari wachunguze matatizo yao, wayaigize mbele ya shule na kijiji, kisha wayajadili. Mbinu hiyo inafaa sana kwa vijana viziwi, ambao husemewa na wazazi, walimu na madaktari. Wanaweza kuigiza meza ya chakula ambapo wote wanacheka na mmoja anaambiwa, “Nitakueleza baadaye,” kisha mzazi akaitwa jukwaani abadilishe tukio hilo.

Gharama kubwa ni ya ukalimani. Mfuko wa serikali uitwao Access to Work humlipia kiziwi aliye kazini gharama ya mkalimani, lakini kijana anayehudhuria warsha si mwajiriwa. Kundi hulazimika kuiweka gharama hiyo katika bajeti tangu mwanzo. Kiongozi akiwa kiziwi, mazoezi huweza kuendelea bila mkalimani, naye huitwa siku ambayo wazazi wanakuja kutazama.