Kwa nini Komoro walikubaliana kupokezana urais?

Msikilizaji, ukiwa hapa Makongolosi unaweza kuona Komoro ni mbali. Lakini Machi 2008 wanajeshi wa Tanzania walivuka bahari kwenda huko, chini ya Umoja wa Afrika. Walifuata nini?

Komoro ilijitangazia uhuru kutoka Ufaransa mwaka 1975. Ngazija, Anjouan na Mwali wakawa pamoja. Mayotte ikabaki kwa Wafaransa hadi leo. Mwaka 1997 Anjouan na Mwali walitangaza kujitenga, wakilalamika kuwa madaraka na fedha vinaishia Moroni, makao makuu yaliyoko Ngazija.

Suluhu ilipatikana mwaka 2001 mjini Fomboni: kila kisiwa kijiongoze, na urais wa Muungano uende kwa zamu. Kanali Mohamed Bacar wa Anjouan alipogoma kuachia madaraka kisiwani kwake, ndipo jeshi la Komoro na la Umoja wa Afrika wakamwondoa.

Kura ya maoni ya mwaka 2018 ilibadili utaratibu. Sasa rais anaweza kukaa vipindi viwili vya miaka mitano kabla ya zamu kuhama. Azali Assoumani wa Ngazija alitangazwa mshindi mwaka 2019 na tena 2024. Wapinzani wanasema zamu ya Anjouan imeliwa.

Wakubwa wakivutana, karafuu, vanila na langilangi havitoshi kulisha nyumba. Watu hupanda boti ndogo kwenda Mayotte kutafuta kazi na matibabu, na wengi wamezama njiani.