Harufu Mbaya katika Sabuni ya Mafuta ya Wanyama: Inatoka Wapi na Inazuiwaje

Vyama kadhaa vya msingi katika maeneo ya wafugaji vimeanzisha kazi ya kutengeneza sabuni ya mche kwa kutumia mafuta ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kazi hiyo ni nzuri, kwani mafuta ambayo zamani yalitupwa machinjioni sasa yana bei, na wanachama, hasa akina mama, hupata kipato kisichotegemea msimu. Hata hivyo lipo lalamiko moja ambalo hurudi kila mara katika mikutano ya kamati: sabuni inatoa povu, inatakatisha vizuri, lakini inanuka.

Kisa cha chama kimoja chaweza kuwafaa makatibu wengine. Sabuni yake ya miezi ya mwanzo ilipendwa, na shule iliyo jirani ikawa mnunuzi wa kudumu. Ulipofika msimu wa minada, mafuta yakawa mengi kuliko nguvu ya kuyapika, yakalazwa siku tatu katika magunia. Sabuni iliyotokana na mafuta hayo ilikuwa nyeupe na ngumu siku ilipokatwa. Wiki sita baadaye ilikuwa na madoa ya rangi ya machungwa na harufu ya ngozi mbichi, na shule ikairudisha yote. Kamati ilikata shauri la kununua manukato yenye nguvu zaidi. Fedha zikatumika, harufu ikabaki, na shule haikurudi.

Kosa la kamati hiyo lilikuwa kuitibu harufu kabla ya kuijua. Harufu mbaya ya sabuni si kitu kimoja. Ziko za aina nne hivi, na kila moja ina mahali pake pa kuzaliwa.

Ya kwanza ni harufu ya uchafu uliomo ndani ya mafuta yenyewe, yaani damu, vipande vya nyama, utando na ngozi. Vitu hivyo si mafuta, wala haviwezi kugeuka sabuni. Vikikutana na kostiki soda huvunjika na kutoa hewa yenye harufu kali ya mkojo, na pengine ya yai bovu. Mtengenezaji anayesikia harufu hiyo wakati wa kukoroga asidhani kwamba kostiki soda ni mbaya. Mafuta yake hayakusafishwa.

Ya pili ni harufu ya kuungua. Mafuta yanayoyeyushwa makavu katika sufuria juu ya moto mkali huungua chini kabla ya kuyeyuka juu, na moshi wake huwasha macho. Harufu ya kuungua ikishaingia haitoki kwa urahisi. Dawa yake ni maji. Sufuria yenye maji na mafuta haiwezi kupita sana joto la maji yanayochemka, na kwa hiyo mafuta huyeyuka bila kuungua, mradi maji yasiachwe yakauke.

Ya tatu ni harufu ya asili ya mnyama. Mafuta ya ng'ombe yaliyozunguka figo ndiyo safi kuliko yote, ni magumu na harufu yake ni ndogo. Mafuta ya matumbo ni duni kuliko hayo. Mafuta ya mbuzi yana asidi fulani nyepesi ambazo hupaa hewani na kufika puani upesi. Mwanakemia wa Ufaransa, Michel-Eugène Chevreul, ambaye mwaka 1823 alichapisha kitabu kikubwa juu ya mafuta ya wanyama, ndiye aliyezipa baadhi ya asidi hizo majina yatokanayo na neno la Kilatini lenye maana ya mbuzi. Mfugaji hahitaji kitabu ili kuzifahamu. Amekwisha kuzisikia kwa beberu. Mafuta ya beberu mzima yasitumiwe peke yake katika sabuni ya kuogea.

Ya nne, ambayo ndiyo iliyokiponza chama kilichotajwa, ni harufu ya kuchacha. Mafuta yakikutana na hewa, joto na mwanga wa jua huanza kuharibika, na kutu ya chuma au shaba huharakisha uharibifu huo. Ubaya wake ni kwamba hauonekani mapema. Mafuta yaliyoanza kuchacha hutoa sabuni inayopendeza siku ya kwanza, kisha uharibifu huendelea ndani ya sabuni polepole hadi madoa na harufu vinapojitokeza dukani au nyumbani kwa mnunuzi. Vilevile debe moja la mafuta yaliyochacha likichanganywa na madebe manne mazuri haliponi kwa kuzungukwa na wema. Yote matano huelekea ubaya.

Kazi ya kuzuia harufu, basi, huanza machinjioni. Mafuta yachukuliwe siku ileile ya kuchinja, yaondolewe nyama na damu kwa kisu, yaoshwe kwa maji baridi na kukatwa vipande vidogo. Kwa kila kilo 10 za vipande yatiwe maji lita 5 na chumvi ya kawaida gramu 200, yachemshwe kwa moto wa wastani huku yakikorogwa, mpaka makapi yaanze kuelea yakiwa yamenyauka. Kisha yachujwe kwa kitambaa kizito na kuachwa usiku kucha. Asubuhi mafuta huwa yameganda juu kama keki, na maji machafu yako chini. Keki ikigeuzwa huonekana tabaka la rangi ya kijivu upande wa chini. Hilo lote likwanguliwe na kutupwa. Wengi huona uchungu kulitupa kwa sababu lina uzito, lakini humo ndimo uvundo ulimojificha.

Kuchemsha mara moja hakutoshi. Keki irudishwe katika maji mapya yenye chumvi, ichemshwe na kugandishwa tena, mara mbili au tatu, hadi maji ya chini yabaki meupe. Kipimo chepesi ni kutia kijiko cha mafuta katika kikombe cha maji ya moto na kunusa mvuke wake. Ikiwa mvuke unanuka, sabuni nayo itanuka. Mafuta yaliyosafishwa yakaushwe maji yote na kuhifadhiwa katika chombo kilichojaa hadi juu, chenye mfuniko, mahali penye giza na ubaridi. Pipa lenye kutu halifai.

Sehemu ya pili ya kazi ni kipimo cha kostiki soda. Kilo moja ya mafuta ya ng'ombe huhitaji gramu 140 hivi za kostiki soda safi ili igeuke sabuni yote, na mafuta ya kondoo huhitaji pungufu kidogo. Watengenezaji waangalifu hupunguza sehemu 5 katika kila 100, yaani hutumia gramu 133 kwa kilo, ili sabuni isiunguze ngozi. Punguzo likizidi sana hapo, mafuta mengi hubaki bila kugeuka, na mafuta hayo ndiyo yatakayochacha baadaye. Yafaa ikumbukwe pia kwamba kostiki soda iliyoachwa wazi hunywa unyevu na hewa, ikapoteza nguvu. Gramu 133 za kopo la zamani si gramu 133 za kopo jipya. Kipimo kwa kikombe au kwa jicho hakikubaliki katika kazi ya chama. Mizani inunuliwe kabla ya manukato.

Juu ya usalama maneno ni machache. Kostiki soda hutiwa ndani ya maji, si maji ndani yake. Glavu na miwani zivaliwe. Watoto wawe mbali. Na sufuria ya alumini isitumike kamwe, kwa kuwa huliwa na kostiki soda na kutoa hewa inayoweza kushika moto.

Sabuni ikishakatwa ipangwe juu ya vichanja, kivulini, penye upepo, kwa wiki nne hadi sita. Kuifunga katika nailoni ikiwa mbichi huzuia maji na harufu kutoka. Isiwekwe ghala moja na mafuta ya taa, dagaa au ngozi, kwani sabuni hushika harufu ya jirani zake.

Manukato yana nafasi yake baada ya hayo yote. Mafuta ya mchaichai hupendwa, lakini harufu yake hupungua kadiri miezi inavyopita. Mafuta ya karafuu hudumu zaidi, ila hufanya sabuni kuganda upesi sana sufuriani, hivyo yatiwe kidogo na mwisho. Juu ya mafuta machafu manukato hutoa harufu mbili badala ya moja.

Sabuni ambayo tayari inanuka si lazima itupwe yote. Ikatwekatwe, kila kilo moja itiwe maji lita 2, ichemshwe mpaka iyeyuke, kisha maji yenye chumvi nyingi yaongezwe kidogo kidogo hadi sabuni ijitenge na kuelea kama maziwa yaliyoganda. Ikipoa iondolewe juu, na maji ya chini yamwagwe shimoni mbali na kisima na malisho. Njia hii huondoa uchafu mwingi na hupunguza harufu ya mnyama. Haiwezi kuirudisha sabuni iliyochacha kabisa. Hiyo ibaki ya kufulia au kusafishia sakafu, na iuzwe kwa jina hilo.

Lipo jambo jingine ambalo liko mikononi mwa katibu kuliko mikononi mwa mpishi. Vyama vingi hununua mafuta ya wanachama kwa kilo, bei moja kwa yote. Kwa mpango huo mwanachama aliyeondoa nyama na damu hulipwa kidogo kuliko yule aliyeziacha, kwa sababu mzigo wake ni mwepesi, na haipiti miezi miwili kabla hajaacha kujisumbua. Mafuta yapokewe kwa madaraja: safi ya figo na ya leo, mchanganyiko wa leo, na yaliyolala. Daraja la mwisho likataliwe, hata kama mletaji ni mjumbe wa kamati. Daftari la mapokezi lionyeshe tarehe, jina, mnyama, daraja na uzito, na kila sufuria ya sabuni ipewe nambari inayorejea katika daftari hilo. Chama kilichopata hasara ya shule hakikuweza kusema magunia yaliyoharibika yaliletwa na nani, na ugomvi wa wanachama ulidumu kuliko hasara yenyewe.

Wanaotaka mafunzo ya vitendo waweza kuuliza katika ofisi za SIDO za mikoa, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo. Sabuni iliyorudishwa na mnunuzi iandikwe katika daftari la bidhaa kwa nambari ya sufuria yake, na thamani yake ishushwe katika mwaka uleule wa hesabu. Isiachwe ghalani ikihesabiwa kwa bei ya sabuni nzuri.