Mijongeo ya Kujirudia kwa Watoto

Mtoto wa miezi sita alazwapo chali hupiga mateke kwa mapigo ya namna moja; na kabla hajajua kutambaa, hujiinua juu ya mikono na magoti akajisukasuka mbele na nyuma. Mwaka 1979 Esther Thelen, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alitangaza matokeo ya kuwachunguza watoto 20 wenye afya katika mwaka wao wa kwanza. Alihesabu aina 47 za mijongeo hiyo, akaona kuwa hufuatana na kukua kwa viungo: mateke hukithiri miguu inapokaribia kupata kazi mpya. Basi kwa umri huo si ugonjwa, bali ni njia ya ubongo kujifunza kuongoza misuli.

Wapo watoto ambao mijongeo haiwaachi. Hupepea mikono, hujitikisa, au hugonga kichwa ukutani, hasa wanapofurahi, wanapochoka au wanapokosa la kufanya. Kwa kawaida huanza kabla ya miaka 3. Baadhi yao wana usonji, upofu au ulemavu wa akili. Wengine hawana kasoro nyingine yoyote. Tiba yahitajika hasa mtoto anapojiumiza au anaposhindwa kucheza na kujifunza. Kumchapa (adhabu ambayo, kwa masikitiko, bado hutolewa) humwongezea hofu tu.

Lililo zito ni kuitofautisha mijongeo hii na kifafa. Mwite mtoto kwa jina, au mwoneshe kitu akipendacho. Mwenye mazoea huacha na kugeuka. Aliyeshikwa na kifafa kwa kawaida haitiki. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, Dakta Louise Jilek-Aall aliyewatibu wenye kifafa tangu miaka ya 1960 aliwakuta watoto walioinamisha vichwa tena na tena mithili ya wasinziao. Vipimo vya umeme wa ubongo vilivyofanywa baadaye vilithibitisha kuwa hicho ni kifafa. Mara nyingi huanza kati ya miaka 5 na 15, na huweza kuamshwa na kuona chakula au kupigwa na baridi. Hutokea mahali palipoenea usubi, ingawa jinsi minyoo yake inavyohusika ingali ikichunguzwa. Dawa za kifafa huwapunguzia wengi mashambulizi. Mtoto aliyecheleweshwa nyumbani kwa kudhaniwa ana utundu huanguka motoni au majini.

Mzazi na aandike saa ya tukio, muda wake, lililotangulia, na kama mtoto aliitika. Daktari huhitaji sana habari hizo, kwani mtoto afikapo kliniki aghalabu hutulia.