Memori Ikijaa, Kompyuta Inafanya Nini?

Kuna ubishi mmoja unaorudi kila siku hapa shuleni. Huyu anasema, «Telefone yangu iko na giga 64, yako 32 tu.» Lakini ile ya 64 ndiyo inayokwama. Namna gani? Sisi wa kilasi ya mwisho tumeona vizuri kueleza, maana kamati ya wanafunzi inataka kutumia pesa za mchango kwa ajili ya kompyuta tunayoandikia gazeti hili, na wengi wanadai tununue kle USB kubwa, basi.

Memori ni za namna mbili. Memori ya kazi ni kama ubao: mwalimu anaandika haraka, anafuta haraka. Umeme ukikatika, yote yamepotea. (Waliokuwa wakipiga chapa siku mashini ya umeme ilipokosa mafuta wanajua.) Ya pili ni ya kuweka, kama kaye: hata bila umeme maandiko yanabaki. Ndiyo disiki, karte ya telefone na kle USB. Ile 64 mnayojisifia ni kaye, siyo ubao.

Kwa nini basi tusifanye kazi yote ndani ya kaye? Ni shauri la mwendo. Tuseme memori ya kazi inajibu kwa sekunde 1, kama kuchota maji katika mtungi ulio karibu nawe. Memori ya flash ingejibu baada ya dakika 17 hivi: umekwenda kisimani, umerudi. Disiki ya zamani, ile inayozungushwa na mota, ingekuchukua saa 28. Hapo umekwenda Bunia kwa mguu na kulala njiani!

Wenye kompyuta kubwa kabisa duniani wana shida hiyohiyo. Chukua muhogo, ambao bila huo hatuli fufu wala sombe. Wataalamu wanaotafuta muhogo unaoshinda magonjwa wanasoma DNA yake, lakini mashini inaitoa kwa vipande vidogo, mamilioni. Ni kama kitabu kilichopasuliwa, kurasa hazina namba. Ili kukipanga upya unapaswa kuvitandaza vipande vyote sakafuni kwa mara moja. Sakafu ndiyo memori ya kazi, nayo ni ghali sana.

Mwaka 2012 kituo cha San Diego, Marekani, kilianzisha kompyuta iliyoitwa Gordon, kwa jina la Flash Gordon, shujaa wa hadithi za picha. Zilikuwa kompyuta 1,024 zilizofungwa pamoja, kila moja na giga 64 za memori ya kazi. Katikati ya memori hiyo na disiki wakaweka tera 300 za flash (tera 1 ni giga elfu). Kazi isiyoenea katika mtungi haikupelekwa tena Bunia. Ilikwenda kisimani tu. Summit, iliyofanya kazi Oak Ridge toka 2018 mpaka 2024, ilikuwa na tera 1.6 za flash katika kila kompyuta yake, na zilikuwa zaidi ya 4,600. Humo waliweza pia kuandika nakala ya kazi ya siku nyingi, ili moja ikiharibika wasianze upya.

Lakini flash inachoka. Ukiiandika na kuifuta mara elfu nyingi, inakuwa kama karatasi iliyofutwa na gome mpaka ikatoboka. Kampuni Intel ilileta mwaka 2019 memori nyingine, Optane, iliyokaa kati ya ubao na kaye. Mwaka 2022 ikatangaza kuiacha.

Turudi kwa kompyuta yetu. Iko na giga 2 za memori ya kazi. Zikijaa, inatupa mengine kwenye disiki ya mota, ndiyo maana taa yake inawaka bila kupumzika na sisi tunangoja. Kle USB haitaongeza ubao. Maoni yetu: kwanza bareti ya memori, kama nafasi ya pili ndani iko tupu. Kama imejaa, tubadilishe disiki tuweke ya flash, vile walivyofanya watu wa Gordon kwa pesa nyingi zaidi. Fundi ataifungua Jumamosi baada ya kazi za mikono. Mwenye shauri lingine alipeleke kwa kiongozi wa kilasi yake kabla ya siku hiyo.