Ajenti wa Ploti Analipwa kwa Kazi Gani?

Kuna vikundi vilivyoanza na merigoraundi ya pesa kidogo sana, na leo vina ploti ya vyumba vya kupangisha karibu na soko au stendi ya matatu. Jasho lililoingia humo wanachama wanalijua wenyewe. Lakini kujenga ni kazi moja na kukusanya kodi ni kazi nyingine. Wanachama wako mashambani, wapangaji wako mjini, na mweka hazina hawezi kupanda matatu kila tarehe 5 kwenda kubisha milango. Basi kikundi kinatafuta ajenti. Ajenti anakuja na karatasi zilizopigwa chapa vizuri, viongozi wanatia sahihi, watu wanapiga makofi.

Mwaka wa pili ndipo maneno huanza. Pesa zinaingia benki zikiwa pungufu, na katika mkutano kila mtu anamwangalia mweka hazina kwa jicho la pembeni. Tumeona vikundi vikikaribia kuvunjika kwa ajili hiyo. Kabla ya kumshuku mtu, hebu toeni ule mkataba kwenye faili na kuusoma polepole, ikiwezekana kwa sauti, wanachama wote wakisikia.

Ajenti hufanya kazi za aina mbili, na mikataba mingi huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kutafuta mpangaji: kutangaza chumba, kumwonyesha mtu, kumwandikisha. Hiyo huisha siku mpangaji anapoingia, na malipo yake ni ya mara moja. Kazi ya pili ni kusimamia: kukusanya kodi, kuita fundi choo kikiziba, kuandika hesabu. Hiyo ni ya kila mwezi, na malipo yake kwa kawaida ni kamisheni, yaani sehemu fulani ya kodi. Ukilipia kazi ya kwanza kana kwamba ni ya kila mwaka, au ya pili hata wakati haifanywi, hapo ndipo pesa za kikundi hupotelea, tena bila mtu yeyote kuiba.

Tuchukue mfano. Ploti ina vyumba 10, kila kimoja shilingi 3,000 kwa mwezi. Vikijaa mwaka mzima ni shilingi 360,000. Mkataba unasema kamisheni ni asilimia 10, na wanachama wote wanakumbuka hiyo tu. Tuseme mwaka huo vyumba 2 vilikaa bure miezi 3, kwa hiyo pesa zilizopatikana ni 342,000. Ukisoma ukurasa wa pili unakuta kwamba asilimia 10 inahesabiwa juu ya kodi “inayotarajiwa”, hata chumba kikiwa kitupu. Hiyo ni 36,000. Unakuta pia kwamba kila mpangaji mpya ni kodi ya mwezi mmoja kwa ajenti. Wakiingia wapya 4, ni 12,000. Halafu kuna ada ya kuandika upya karatasi za wapangaji kila Januari, 500 kwa kila chumba, hiyo ni 5,000. Jumla ni 53,000. Kama kikundi kingelipa asilimia 10 ya kodi iliyokusanywa na basi, kingetoa 34,200. Tofauti ni 18,800, kodi ya chumba kimoja kwa zaidi ya miezi 6. Na mweka hazina ndiye anayeangaliwa!

Hatusemi ajenti huyo ni mwizi. Kila kitu kimeandikwa na viongozi wamekubali. Lakini neno moja, “iliyokusanywa” badala ya “inayotarajiwa”, lina thamani ya pesa, na wakati wa kuligombania ni kabla ya sahihi. Kamisheni ikihesabiwa juu ya pesa zilizoingia mkononi, ajenti naye ataona uchungu wa chumba kilicho kitupu na atakimbia kukijaza. Ulizeni pia juu ya mafundi. Ajenti mwingine huongeza sehemu yake juu ya gharama ya ukarabati. Andikeni kiasi ambacho akikizidisha ni lazima apige simu kwanza, na risiti ya fundi iletwe, isiwe ni kutajiwa tu.

Kifungu kibaya kuliko vyote ni kile kinachosema ajenti ataendelea kulipwa maadamu mpangaji aliyemleta bado yumo chumbani. Maana yake ni kwamba mnaweza kumwondoa ajenti leo, mkakusanya kodi wenyewe, na bado mkadaiwa kamisheni ya mama mboga aliyeingia miaka 5 iliyopita. Jambo hili si la Kenya peke yake. Huko Uingereza ofisi ya serikali iliyokuwa ikilinda wateja iliishtaki kampuni ya Foxtons kwa sababu ya vifungu vya namna hiyo, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ya London ikaamua kwamba havikuwa vya haki. Wenye nyumba walikuwa wakitozwa kila mpangaji alipoendelea kukaa, hata kama kampuni haikusimamia nyumba, na hata baada ya nyumba kuuzwa kwa mtu mwingine. Ada ya kuendelea yenyewe haikupigwa marufuku. Kubwa lilikuwa kwamba ilifichwa ndani ya maandishi madogo, mahali ambapo mtu wa kawaida hategemei kuikuta. Uamuzi huo hauyafungi mahakama yetu, lakini unaonyesha mahali pa kutazama: ukurasa wa nyuma.

Sasa, kodi ilipwe wapi? Ushauri wetu ni kwamba iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya kikundi, kwa benki au kwa namba ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, halafu ajenti alipwe kamisheni yake mwisho wa mwezi. Maajenti wengi hupenda njia ile nyingine: kodi iingie kwao, wakate chao, walete baki. Mkikubali hivyo, kumbukeni jambo hili. Mpangaji akimlipa ajenti wenu, ni kama amewalipa ninyi. Ajenti akila pesa hizo, mpangaji mwenye risiti hana deni, na hamna haki ya kumfungia mlango ili alipe mara ya pili. Hasara ni yenu, mmtafute ajenti.

Ushuru nao usisahaulike. Tangu Januari 2024, anayepata kodi ya nyumba za kuishi zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka, hadi milioni 15, hulipa KRA asilimia 7.5, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Huhesabiwa juu ya kodi yote kabla ya kutoa kamisheni ya ajenti. Katika mfano wetu ni 25,650. Vikundi vingi hukosea hapa, kwa sababu huhesabu juu ya kile kilichofika benki baada ya ajenti kukata. Mkataba useme ni nani anayepeleka ushuru huo, na karatasi ya kuonyesha umelipwa iletwe kila mwezi.

Tena ulizeni kama ajenti amesajiliwa. Sheria ya Kenya ya maajenti wa nyumba, Sura ya 533, hairuhusu mtu kufanya kazi hii bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili. Mwambieni awaonyeshe cheti. Keateka mliyemwajiri wenyewe kufagia na kufungua geti ni mfanyakazi wenu, huyo ni mambo mengine.

Kumwacha ajenti kuna utaratibu wake. Tazameni kama mkataba unajirudia wenyewe kila mwaka msipoandika barua, na notisi ni ya muda gani. Mwezi mmoja unatosha. Miezi 6 ni kifungo. Mkutano ukiamua, iandikwe kwenye minitsi, na barua itiwe sahihi na viongozi wale wale wanaotambuliwa na benki. Abaki na nakala yake, na nakala yenu aitie sahihi kwamba ameipokea. Mdai vitu vitatu: orodha ya wapangaji na karatasi zao, hesabu ya kila chumba hadi siku ya mwisho, na dipoziti zote. Dipoziti husahauliwa sana. Ni pesa za wapangaji, na mpangaji akihama atawadai ninyi, hata kama aliziacha kwa ajenti aliyekwisha kwenda.

Akikataa kutoa pesa alizokusanya, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, hulazimika kuamua ndani ya siku 60, na mnaweza kwenda bila wakili. Si kila mji unayo, kwa hiyo ulizeni kwenye mahakama iliyo karibu. Bebeni mkataba, minitsi, taarifa za M-Pesa na za benki, na daftari la vyumba.

Na siku ile ile mnapompa ajenti barua, kila mpangaji naye apate yake, yenye namba mpya ya kulipia na tarehe ya kuanza. Mkichelewa hata wiki moja, kodi ya mwezi huo itaenda kule kule kwa zamani.