Taa za mbinguni zinazofifia na kurejea

Usiku usio na mwezi, mkazi wa Nyakato ateremkaye hadi ufukweni mwa Ziwa Victoria huziona karabai za wavuvi wa dagaa zikimeremeta majini. Moja ikififia ghafla, hajui mara moja sababu yake: imepungukiwa na mafuta, au kuna kitu kilichopita mbele yake? Swali kama hilo ndilo linalowashughulisha wanafalaki wa zama hizi.

Katikati ya galaksi kubwa, yaani kundi la mabilioni ya nyota, hukaa shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni ya majua, pengine mabilioni. Gesi inayolizunguka kabla ya kumezwa hupata joto kali na kung'aa mno. Wataalamu walizigawa galaksi za namna hiyo katika mafungu mawili kwa kupima nuru yake, wakidhani kila moja hubaki katika fungu lake.

Galaksi iitwayo NGC 4151, iliyo umbali wa takriban miaka milioni 50 ya mwendo wa nuru, iliitia shaka dhana hiyo. Miale yake ya eksirei ilinaswa na setilaiti Uhuru, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru. Mwaka 1984 kiini chake kilififia, dalili za fungu lake zikakaribia kutoweka; baadaye zikarejea.

Mwaka 2015 ilitangazwa galaksi nyingine ya mbali zaidi, iliyopimwa na mradi wa Sloan wa Marekani mwaka 2000, kisha 2010, ikaonekana imefifia. Tangu hapo nyingi zimepatikana kwa kurudia vipimo.

Sababu hujulikanaje? Karabai iliyofichwa na jabali bado huangaza maji ya kando. Iliyoishiwa mafuta huyaacha gizani. Vivyo hivyo, vumbi lililozunguka shimo jeusi likipoa, hudhihirika kwamba chakula chake ndicho kilichopungua. Ndivyo ilivyo kwa nyingi kati ya hizo.

Aliyepima mara moja tu alikosea. Abdul-Rahman al-Sufi, mwanafalaki Mwislamu, alilitambua hilo. Katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964 hakutosheka na hesabu za Ptolemy. Alizitazama nyota upya kwa macho yake, akaandika pia habari za kiwingu ambacho leo tunakijua kuwa galaksi ya Andromeda. Mzazi, mwanao akikuuliza juu ya nyota, usimnyamazishe. Toka naye nje, mtazame pamoja, na kesho mtazame tena.